Shairi la Kumi la Daktari wa Meno

Mwanamke yule aliingia bila kubisha, kwa kuwa mlango wa banda ulikuwa umeegemezewa gogo ili harufu ya wino itoke. Alisimama kwenye gunia la kufutia miguu, maji ya mvua yakimchuruzika, akatazama mashine kubwa nyeusi ya kuchapia, akatazama kamba za darini ambako karatasi huanikwa zikauke, kisha akawatazama wazee wawili waliokuwa wameinamia meza moja bila kumwona.

"Samahani," alisema. "Namtafuta Bi Bertille Cazalens. Yule mshairi."

"Mshairi ametoka," alijibu Bertille bila kuinua kichwa. "Mimi ni mwosha wino tu. Kama umeleta muswada, uweke pale karibu na jiko. Kuni zetu zimelowa."

"Bertille," alisema mume wake kwa sauti ya kuonya.

"Namtania tu, Aubin." Akainuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akavua miwani. "Tumefunga, dada. Nisamehe. Hatupokei tena miswada. Kabla ya Krismasi mashine hii inachukuliwa na chuo cha sanaa cha Toulouse, na sisi tunahamia kwa binti yetu, kwenye nyumba yenye lifti."

Yule mwanamke hakuondoka. Alifungua koti, akatoa bahasha iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki wa mkate.

"Naitwa Sidonie Roumégoux," alisema. "Baba yangu alikuwa daktari wa meno kule Villeserre. Amesema nikuambie amemaliza la kumi."

"La kumi nini?"

"Shairi la kumi." Sidonie aliona uso wa Bertille haujabadilika, akaona haya kwa niaba ya mtu mwingine. "Nilimwambia, baba, watu husahau. Akaniambia, huyu hawezi kusahau, nilimng'oa gego Jumapili."

Ulimi wa Bertille ulikwenda wenyewe mpaka kwenye pengo lililokuwa nyuma ya taya la kushoto. Hapo akakumbuka.

Ilikuwa wakati wa tamasha la ushairi la kiangazi, miaka mingi nyuma, Aubin akiwa bado na nywele. Bertille alikuwa amekwenda Villeserre kuuza vitabu vyao chini ya hema, na usiku kucha jino lilikuwa limemchachamalia. Daktari pekee wa mji aliacha chakula chake cha Jumapili mezani, akafungua zahanati, akamtibu, akakataa malipo. Alipokuwa akinawa mikono alisema, akiwa amempa mgongo, kwamba yeye pia huandika kidogo. Bertille, mdomo ukiwa bado una ganzi na mate yakimtoka pembeni, alimwambia: andika kumi, Daktari, kumi mazuri, na mimi nitakutolea kijitabu. Kurasa zisizokatwa, msomaji azipasue mwenyewe kwa kisu, kama vyetu vyote.

Alikuwa amewaambia watu wengi maneno ya namna hiyo. Kila mchapishaji wa mashairi huyasema, kwenye mahema, kwenye treni, kwenye mazishi. Ni njia ya kumuaga mtu vizuri. Na karibu kila mtu huelewa, akaenda zake, asirudi.

"Kwa nini hakuniletea yale tisa?" aliuliza.

"Mlikubaliana kumi," alisema Sidonie.

Aubin alitoa sauti puani. Ilikuwa kama kicheko, lakini haikuwa kicheko.

"Yuko wapi sasa?"

"Kwenye nyumba ya wazee, mji wa chini, kando ya mto. Mapafu. Wanasema majira ya kuchipua hatayaona, yeye anasema hata theluji haimpendezi, kwa hiyo afadhali." Sidonie aliweka bahasha mezani, mbali na jiko. "Mimi sikuja kukudai, Bi Cazalens. Nimeleta kwa sababu nilimwahidi kuleta. Ukimwandikia maneno mawili tu, yatatosha."

Alikataa kahawa. Walimsikia akiwasha gari nje, linakataa, linakubali.

Bertille alirudi kwenye meza. Mbele yake, ndani ya fremu za chuma, zilipangwa kurasa za kitabu chake mwenyewe, herufi moja moja za madini ya risasi, kila mstari ukisomeka kinyumenyume. Kiliitwa *Maji ya Vyombo*. Alipokuwa kijana, diwani yake ya kwanza ilipata tuzo mjini Paris, na gazeti moja likaandika kwamba hii ni sauti ya kungojwa. Wakangoja mpaka wakasahau walikuwa wakingoja nini. Alitoa diwani mbili nyingine, nyembamba. Baada ya hapo alianza na Aubin nyumba ya uchapishaji waliyoiita Toroli, kwa sababu karatasi ya kitabu chao cha kwanza waliisukuma kwa toroli kutoka kituo cha reli, na tangu siku ile asubuhi zake zikawa za watu wengine. Alichapa mashairi ya mtawa, ya mfungwa, ya msichana wa miaka kumi na tisa ambaye sasa alikuwa maarufu na hasalimii. Mashairi yake mwenyewe aliyaandika jikoni baada ya chakula, sahani zikiwa bado zimelowekwa, na ilimchukua miaka zaidi ya kumi kuyapata haya.

Karatasi iliyobaki ilikuwa ya kitabu kimoja. Kiwanda kilichoitengeneza, kule bondeni, kilikuwa kimefungwa, na Aubin alikuwa ameitunza ile akiba chini ya kitanda chao kama mtu anavyoweka shuka za mazishi yake. Herufi nazo zilikuwa za kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Ukitaka kupanga kingine, lazima kwanza ukivunje kilichopo na kurudisha kila herufi kwenye kijumba chake. Na muda ulikuwa wa kitabu kimoja. Vyote vitatu vilikuwa vimetengewa *Maji ya Vyombo*.

Walikula supu ya maboga na njugu za chestinati. Aubin alikata mkate, akampa mkewe ule ukoko anaoupenda.

"Basi," alisema, "mng'oa meno anaandikaje?"

"Sijui bado."

"Umeshasoma. Naona sura yako. Hiyo ni sura ya kusoma."

Bertille alipuliza supu. "Matano ni mabaya. Anaita jua 'sarafu ya dhahabu.' Mawili ni ya kawaida. Mawili si mabaya. Moja..." Alinyanyua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akasoma:

*Nimetazama ndani ya vinywa vya mji mzima.*
*Waliniachia wazi, wakafumba macho.*
*Hakuna hata mmoja aliyeniambia neno.*

Aubin aliacha kutafuna. "Hilo ni lake?"

"Ni lake. Kisha anamalizia, 'Ee maisha, wewe ni ndoto.'"

"Masikini."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa sikiliza, mke wangu." Aubin aliweka kijiko chini. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, na aliviweka juu ya meza mahali ambapo mkewe angeviona. "Mwandikie barua nzuri. Wewe ni fundi wa hizo. Mwambie una huzuni, mwambie sauti yake ni safi, mwambie ile picha ya vinywa itakaa nawe. Atakufa akiwa na furaha. Mimi nina nguvu ya kupanga kitabu kimoja tu, na nimeshakipanga karibu chote, na ni chako. Nimekisubiri kuliko huyo daktari alivyosubiri."

"Najua."

"Hujui. Wewe umezoea kuwapa watu. Mimi nilitaka mara moja nikuone wewe unapewa."

Bertille alichovya ukoko kwenye supu, akala, akaonekana mchovu kuliko mchana. Alichukua karatasi ya barua, akaandika *Mpendwa Daktari*, akaitazama. Sauti yako ni safi, aliandika. Sentensi hiyo alikuwa ameiandika mara nyingi kiasi kwamba mkono uliimaliza kabla ya kichwa. Akaikunja.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Ni adabu. Alifungua zahanati Jumapili."

"Nenda. Lakini uende kumwambia hapana."

"Ninakwenda kumwambia hapana."

Daktari Maxence Roumégoux alikuwa amekaa dirishani, amevaa tai. Mrija wa hewa ulipita chini ya pua yake, na miguu alikuwa ameivalisha viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi, ingawa ilionekana wazi haendi popote. Chumba kilikuwa na harufu ya sabuni na machungwa. Alimtazama Bertille mdomoni kabla ya kumtazama machoni.

"Lile jino la jirani na pengo lilikaa?" aliuliza.

"Limekaa, Daktari."

"Nilikuambia litakaa. Keti. Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi ndiyo kazi yangu siku hizi."

Bertille aliketi na koti lake. Akaitoa bahasha, akaiweka magotini, akaanza kama alivyokusudia. Alisema mashairi yamemgusa. Alisema sauti ni safi. Alisema ile picha ya vinywa ni ya mtu aliyejua kutazama, na kwamba itakaa naye.

Mzee alimsikiliza. Mwanzoni alikuwa ameinamia mbele. Polepole mgongo wake ulirudi kwenye kiti. Bertille alipofika kwenye "itakaa nami," daktari aligeuza uso dirishani na kutazama mto.

"Asante," alisema. "Ni wema wako."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Kwa sababu unasifu." Alivuta hewa, akangoja, akavuta tena. "Mimi nilikuwa nikienda kwenye lile hema lenu kila mwaka, hujui. Nilikaa nyuma. Nilikuona na waandishi wako. Yule kijana mwenye ndevu, ulimwambia mbele ya watu kwamba ubeti wake wa tatu ni takataka, nusura alie, na msimu uliofuata kitabu chake kilikuwa mezani. Na yule bibi mwenye kofia ulimwambia mashairi yake ni umande wa asubuhi. Sikuwahi kuona kitabu cha yule bibi." Alitabasamu kidogo, bila chuki. "Wagonjwa wangu pia nilikuwa nawaambia 'vizuri sana, vizuri sana' pale nilipojua jino haliponi. Si neno, Bi Cazalens. Umekuja mpaka huku kwenye mvua. Wengine wangetuma barua."

Nje, mhudumu alikuwa akisukuma kigari cha chai korido nzima, kikombe kimoja kikigongana na kingine.

Bertille alimfikiria Aubin na vidole vyake mezani. Alifikiria mstari wa kwanza wa kitabu chake, ambao hakuna mtu zaidi ya mumewe aliyewahi kuusoma: *Mama aliniachia sufuria na namna ya kunyamaza.* Alikuwa amechoka. Angeweza kuinuka, ashike ule mkono mkavu, aende zake, na mzee angemsamehe. Alikuwa ameshamsamehe tayari. Hicho ndicho kilichomwia kigumu.

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa penseli.

"'Sarafu ya dhahabu,'" alisema. "Hii inatoka."

Daktari aligeuka.

"Jua limeitwa sarafu na kila mjinga aliyewahi kushika kalamu. Inatoka. Shairi la nne lote ni porojo mpaka linapofika kwenye ngazi. Tunaanzia kwenye ngazi. La sita umelinakili kutoka kwako mwenyewe, ni lile la pili limevaa kofia. Andika lingine au tuache ukurasa mtupu."

"Tulikubaliana kumi," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Basi andika lingine. Una nini cha kufanya leo?"

"Kucheza karata saa kumi. Na mlozi? Lile la mti wa mlozi?"

"Mlozi una maneno mengi mno."

"Mlozi hauguswi," alisema. "Mke wangu aliupanda. Hata kama ni mbaya, uache ulivyo."

Bertille aliutazama mlozi, akasoma tena, akavuta mstari mmoja tu pembeni. "Uache. Lakini hili, mwisho wa vinywa. 'Ee maisha, wewe ni ndoto.'"

"Huo ndio mstari ninaoupenda."

"Najua. Ndiyo maana ni mbaya. Umetuambia hakuna aliyekuambia neno, halafu wewe mwenyewe unapiga kelele. Nyamaza kama wao."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Daktari aliyaita yale "unyama." Alisema hajawahi kumng'oa mtu jino zima namna ile. Alikohoa, mhudumu akaja, mzee akamfukuza kwa mkono. Mwisho alichukua penseli mwenyewe, akakata mstari ule, mara moja, akautazama ukiwa umekatwa.

"Kurasa hazitakatwa, sivyo?" aliuliza. "Nizikate mwenyewe?"

"Utazikata mwenyewe. Kabla ya mtu yeyote."

Aubin alijua mara tu alipomwona mkewe akivua koti, kwa sababu alivua polepole kisha akaanza kukunja mikono ya sweta.

"Ulikwenda kusema hapana," alisema.

"Nilikwenda."

"Bertille."

"Nilianza kumsifu, Aubin. Akajua. Alinitazama kama mtu anayesomewa hukumu na anamhurumia hakimu." Alivuta stuli, akaketi mbele ya fremu. "Wote tuliowakataa, walikuwa wanajua? Yule bibi wa kofia, alijua?"

Aubin alikwenda nje. Alipasua kuni kwa muda mrefu kuliko kuni zilivyohitaji, na vidole vile.

Bertille alilegeza skrubu za fremu ya kwanza. Ukurasa ambao umefungwa na chuma husimama kama jiwe. Ukilegeza, unakuwa vipande tu, na ukitikisa meza unamwagika. Alichukua mstari wa mwisho wa shairi la mwisho, akaanza kurudisha herufi kwenye kasha, moja hapa, moja kule, zikilia tik, tik kwenye vijumba vyao vya mbao. Aliyajua mashairi hayo kwa moyo, na sasa aliyasikia yakiondoka kwa mpangilio wa kinyume, kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kama mtu anayerudi nyumbani na kusahau njiani alikokuwa anatoka.

Mumewe aliingia na kuni. Alizipanga karibu na jiko. Akasimama nyuma yake.

"Unaziweka vibaya," alisema. "Umechanganya mkato na nukta. Sogea."

"Nenda kalale, mikono inakuuma."

"Nimesema sogea, wewe mwanamke."

Walikaa bega kwa bega. Walipofika ukurasa wa kwanza, Aubin alishika mstari wa sufuria kwenye kiganja, umefungwa bado na uzi.

"Na huu?"

"Na huo. Herufi zake ni zilezile."

Akaukata uzi.

Kitabu kipya walikipanga wote wawili, akisoma mmoja, akiokota mwingine, kwa kuwa vidole vya Aubin peke yake havikutosha tena. Sidonie alipita na gari lake bovu kuleta shairi jipya la sita, na jibini aliyoagizwa na baba yake, na ujumbe kwamba Bi Cazalens asithubutu kuligusa. Bertille aliligusa. Aliondoa neno moja. Lilikuwa zuri, lile la sita. Lilimhusu mtu anayevaa tai ili asubiri kwa heshima. Alipolisoma alimwambia Sidonie amwambie baba yake kwamba kichwa cha shairi ni kirefu mno.

Wakachapa, karatasi ya chini ya kitanda ikaisha. Karatasi ya mwisho ilitoka na kovu la wino pembeni, Aubin akaiweka kando, kisha akairudisha pamoja na zile nyingine, kwa kuwa hakukuwa na ya kuibadilisha. Wale wa chuo cha sanaa walifika na lori lao, vijana wenye adabu, wakafunga mashine kwa mikanda. Mmoja alimwuliza Bertille kama ni kweli yeye ndiye aliyeandika ile diwani ya kwanza, walikuwa wameisoma darasani. Bertille alisema ni kweli. Akamwuliza kama anaandika sasa. "Naandika," alisema Bertille, "nikimaliza vyombo." Kijana alicheka, akidhani ni mzaha. Aubin alikuwa amesimama mlangoni, na baada ya lori kuondoka alibaki hapo akitazama doa la mafuta sakafuni, mahali mashine ilipokuwa.

Siku iliyofuata Bertille alichukua kitabu kimoja, akakifunga kwa karatasi ya mkate, akaenda mji wa chini peke yake.

Daktari alikuwa kitandani safari hii, lakini tai ilikuwepo. Alikigeuza kitabu mkononi. Aligusa jina lake kwenye jalada, akapitisha kidole juu ya herufi zilizozama kidogo kwenye karatasi. Sidonie, aliyekuwa ameketi upande wa pili, alimpa kisu cha kukatia karatasi. Daktari alikitazama kile kisu kwa dharau ya kitaalamu.

"Hakina makali."

"Hakitakiwi kuwa na makali," alisema Bertille. "Kikiwa na makali kinakwenda kinakotaka."

Aliingiza kisu kwenye kunjo la kwanza. Karatasi ilitoa ile sauti yake, ya kitu kinachopasuka bila kuumia, na vumbi jeupe likaanguka kwenye shuka. Akakata la pili. Akafika kwenye vinywa. Alisoma mpaka *neno*, na pale ambapo zamani palikuwa na mstari wake alioupenda, aliweka kidole kwenye weupe, akakiacha hapo.

"Hapa pamenyamaza vizuri," alisema hatimaye.

Bertille alikuwa bado na koti mwilini. Miguu ilimuuma, na nyumbani masanduku yalikuwa yakingoja kufungwa.

"Na wewe?" aliuliza daktari. "Chako kinatoka lini? Sidonie aliona unapanga kitu chako kule bandani."

Sidonie alitazama sakafu.

"Bado nakisahihisha," alisema Bertille. Kisha akasogeza kiti karibu na kitanda. "Na kisu usikisimamishe hivyo, Daktari. Utauharibu mlozi. Kilaze. Polepole. Hivyo."

Mzee akakilaza kisu, akaendelea kukata.